Bashiri na Maji ya Chini

Bashiri Abdulrahim anajua Kiingereza cha sokoni. Alikiokota Karonga, ng'ambo ya mpaka, miaka aliyokuwa akivusha vitenge na sabuni, na kinamtosha kwa salamu, bei na tarakimu. Hilo sisi wa Matema hatukulijua kwa muda mrefu, au tuseme hatukutaka kulijua. Tulichojua ni kwamba kila Jumamosi saa tisa alasiri, watu wakishaanza kurudi kutoka gulio la Lyulilo, Bashiri hufungua ukumbi wake nyuma ya duka, huchomeka flashi kwenye televisheni, hupunguza sauti ya Mzungu anayesimulia filamu na kushika maiki yake, atutafsirie.

Mimi nauza vitumbua mlangoni pa ukumbi huo. Watu huniita mama Jubilate. Nimekaa hapo miaka tisa, mgongo ukutani na sikio moja ndani, kwa hiyo nikisema namjua Bashiri sibahatishi.

Babu yake alikuja huku na biashara ya nguo kutoka Kilwa. Baba yake alikuwa na duka Kyela mjini, na Bashiri mwenyewe akahamia hapa ufukweni baada ya kutoelewana na kaka zake. Ni mwembamba, kofia yake haina doa, na Kiswahili chake ukikisikia unaona haya kufungua mdomo. Sisi tumezaliwa na Kinyakyusa, na Wakisi wa kando ya ziwa wana Kikisi chao. Kiswahili tumekikuta shuleni, tukachapwa nacho. Yeye alinyonya nacho. Nadhani ndiyo maana tulimwamini upesi.

Mwanzoni alionyesha mpira. Mabenchi mawili yakavunjwa siku moja, akaapa hatarudia. Kisha mwanawe anayefanya kazi Mbeya akamletea flashi yenye filamu za sayansi, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuonyesha, akaweka moja iliyohusu siafu. Watu walikuja kumi na wawili. Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Mpaka leo tunaziita picha za wanyama, hata siku ambayo ni picha ya nyota.

Siri ilikuwa sauti yake. Simba dume alimfanya balozi wa nyumba kumi, mvivu, anayefika chakula kikishaiva. Fisi walikuwa wakwe waliokuja kudai ng'ombe. Ilipokuja picha ya wale ndege wa kwenye barafu wanaotembea wima, ambao baba hukaa na yai juu ya miguu yake miezi miwili bila kula, wanawake ukumbi mzima waligeuka kuwatazama waume zao, na mmoja wa hao waume akasema amekumbuka kazi nyumbani. Bibi Maria, aliyewekewa kiti mbele kwa sababu ya macho, alimwitikia yule Mzungu mtangazaji mwenye mvi kila alipofungua mdomo, na filamu ikiisha alimwambia ndaga fijo, asante sana, kama mgeni aliyekuwa akiondoka kwake.

Watu hawakutazama kimya. Walibishana na televisheni. Wavuvi walisahihisha habari za samaki, wakulima wa mpunga kutoka Ngonga walisahihisha habari za mvua, na Bashiri aliwajibu kwa niaba ya Mzungu. Kuna mara ilionyeshwa picha ya mtoto wa tembo aliyeachwa na mama yake, ikaisha bila kusema alipona au hakupona. Wanawake walikataa kuinuka. Bashiri akawaambia ataulizia. Jumamosi tatu mfululizo alileta habari: mtoto amekunywa maziwa, mtoto ameongezeka uzito, mtoto amepata rafiki. Nilijua anatunga. Tembo gani huyo wa kumtumia Bashiri habari? Lakini watu walikwenda nyumbani wamefurahi, na waliofurahi walinunua vitumbua, kwa hiyo nikanyamaza.

Sasa nimtaje Felista. Ni mfinyanzi, Mkisi wa Ikombe aliyeolewa hapa, na vyungu vyake vinajulikana mpaka Tukuyu. Mumewe, Lameck, alikuwa akivisafirisha kwa mtumbwi kutoka Ikombe mpaka sokoni Lyulilo. Mwezi wa nne mwaka 2018, mvua zikiwa zimekolea, upepo kutoka kusini ulimkuta mbele ya ile miamba ambapo mlima unaingia majini moja kwa moja. Mtumbwi uliokotwa. Vyungu kumi na kimoja vilielea mpaka ufukweni bila ufa. Lameck hakuonekana.

Kwa ukoo wake Lameck, aliyepotelea majini asipopatikana, hukatwa mgomba, huvishwa sanda na kuzikwa mahali pake. Baada ya hapo watu hulia, hula, hunyoa, na mambo ya nyumba yanaendelea. Felista alikataa. Alisema asubiriwe. Tukasubiri mwezi, tukasubiri mwaka, kisha tukazoea. Alirudi kwenye udongo wake, alicheka inapobidi kucheka, alikuja ukumbini kila Jumamosi. Jambo moja tu lilibadilika: hakula samaki tena. Mwanamke aliyekulia ziwani, akila maharage mwaka mzima. Tulidhani ameweka nadhiri, hatukumuuliza.

Mwaka 2019 Bashiri alipata filamu ya ziwa letu hili Nyasa. Siku hiyo watu walikaa mpaka juu ya madirisha. Tulishangilia milima yetu, tulishangilia maji yetu, na mvuvi mmoja aliapa ameuona mtumbwi wa shemeji yake. Katikati ya filamu ulikuja mchoro: ziwa limekatwa kama keki, mishale ya bluu ikizunguka humo ndani. Bashiri aliutazama, akainua macho kwenye mabenchi. Kisha akasema kwa sauti yake ile nzuri kwamba ziwa hili, kila baada ya miaka saba, hugeuka, maji ya chini yakaja juu, na kila lilichokichukua likakirudisha kwa wenyewe.

Nilikuwa nageuza vitumbua. Nilisikia, nikasahau. Ukumbi mzima ulisikia ukasahau, isipokuwa mtu mmoja.

Januari ya mwaka huu alikuja mwalimu mpya wa sayansi, Marystella, binti wa Bukoba aliyepangiwa shule ya huku. Jumamosi yake ya kwanza ukumbini ilikuwa picha ya mwezi. Nilimwona akicheka mahali ambapo hakuna aliyecheka. Alipotoka kununua vitumbua akaniinamia sikioni, akasema, "Mama, huyu baba anayoyasema hayamo kabisa kwenye filamu. Tarakimu tu ndizo anazopatia." Nikamwambia watu wanafurahi, asiwaharibie. Akaniangalia, akalipia vitumbua vyake, akaondoka. Kwa hiyo katika haya yaliyotokea sina pa kusimama nikamnyooshea Bashiri kidole peke yake.

Mwezi wa tatu Felista alileta jeneza kutoka Kyela. Lilishushwa kwenye gari mchana kweupe, likaingizwa ndani kwake. Alipoulizwa akasema ni la Lameck. Mwezi wa nne ulipoanza aliacha udongo. Kila kukicha alitembea ufukweni kutoka Matema mpaka Lyulilo na kurudi, kanga kichwani, akitazama mahali mawimbi yanapoishia. Mwezi wa nne ukaisha. Akaendelea kutembea.

Mei, shemeji yake Adolf, mdogo wake Lameck anayelima mpunga Ngonga, aliita kikao cha ukoo. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine na mlango ulikuwa wazi. Adolf si mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba Prisca, binti wa Felista, ameposwa mwaka wa pili sasa, na hakuna harusi itakayopita mbele ya baba ambaye hajazikwa. Posa haitasubiri milele. Akaomba mgomba ukatwe. Prisca alikuwa kando yangu akiosha mchele, na maji alikuwa ameyamwaga mara nne bila kujua.

Felista akajibu kwamba hawezi kuzika mgomba na mwenyewe yuko njiani. Miaka saba imetimia. Labda wale wataalamu walihesabu kwa mwezi mwingine, wasubiri mpaka Desemba. Adolf akauliza wataalamu gani. Felista akasema wa kwenye filamu, Bashiri alieleza yote, na nyote mlikuwepo.

Miaka sita huyu mwanamke alikuwa akihesabu, na tulikaa naye benchi moja.

Kesho yake asubuhi sikukanda unga. Nilikwenda dukani, nikamkuta Bashiri anapanga viberiti.

"Ile habari ya ziwa kurudisha watu baada ya miaka saba uliitoa wapi?"

Aliendelea kupanga, kisha akaacha. Hakujifanya amesahau, nami kwa hilo nampa sifa. Akasema, "Mishale ilikuwa inazunguka, mama Jubilate, na maneno sikuyaelewa. Nikainua macho, nikamwona Felista amekaa pale. Nikasema kilichonijia."

Nikamweleza jeneza ni la nini, matembezi ni ya nini, na harusi ya Prisca inasubiri nini. Bashiri alikaa juu ya gunia la chumvi. Kisha nikamtukana, na sitaandika nilivyomtukana kwa sababu Jubilate anasoma. Alipokea yote. Nilipoishiwa, niligundua kwamba nusu ya matusi yale yalinistahili mimi mwenyewe.

Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani, tulimwita Marystella. Bashiri alifunga duka, akaweka ile filamu ya ziwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongeza sauti ya Mzungu badala ya kuipunguza. Mwalimu alisikiliza sentensi, akasimamisha, akaisema kwa Kiswahili, na Bashiri akaiandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kusimama wima. Saa mbili nzima. Walipofika kwenye mchoro wa mishale, mwalimu aliurudia mara tatu.

Mishale ilikuwa inazunguka juu tu. Ndicho kilichokuwa kinaelezwa. Maji ya juu huchanganyika kwa upepo, lakini ya chini hayageuki wala hayapandi, yamekaa hukohuko tangu enzi na enzi. Ukishuka zaidi ya mita mia mbili na kitu, maji hayana hewa, na kina cha ziwa kinafika mita mia saba. Kilichozama mpaka huko hakirudi.

Bashiri aliweka kalamu chini. Alisema ukweli huu ni mbaya kuliko uongo wake. Mwalimu alishauri twende nyumbani kwa Felista, sisi watatu, tumweleze taratibu. Mimi pia niliona hivyo. Bashiri akafikiri sana, kisha akasema, "Hapana. Nilidanganya kwa maiki, siwezi kusahihisha kwa kunong'ona." Alikuwa na hofu, na hakuificha. Alijua kwamba akishasema hivyo mbele ya watu, kila simba na kila tembo wa miaka tisa watakuwa mashakani.

Jumamosi ukumbi ulijaa kama kawaida. Felista alikaa benchi la tatu, mahali pake, miguu ikiwa bado na mchanga. Prisca alikuwa nyuma yake. Niliepua kikaango na kuingia ndani, jambo ambalo silifanyi.

Bashiri alisimama kabla ya kuwasha chochote. Akatuambia Kiingereza chake ni cha kununulia sabuni. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kufungulia. Akasubiri wamalize, akarudia. Akasema yale ya miaka saba aliyatunga yeye, hayamo kwenye filamu, na leo ataisoma filamu hiyohiyo kama mwalimu Marystella alivyoisikia, neno kwa neno. Kisha akamtazama Felista na kumwomba radhi kwa jina lake. Felista alikuwa akiitazama televisheni ambayo ilikuwa bado nyeusi.

Filamu ikaanza. Bila simba mvivu, bila wakwe, sauti ya Bashiri ilikuwa kavu kama ya karani wa mahakama, na hakuna aliyebisha wala kutania. Ulipofika mchoro alisoma kwenye daftari, polepole, kwamba maji ya chini hayapandi. Kwamba huko hakuna hewa. Kwamba kwa hiyo hakuna samaki, hakuna kaa, hakuna konokono, hakuna kinachoishi ila vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mzee mmoja mvuvi alisema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, nyavu zikishuka mno hurudi tupu, na baba yake alimwambia hivyo pia.

Felista akainua mkono kama mwanafunzi. Bashiri akasimamisha picha.

"Kaka Bashiri, pale kwenye miamba ni chini kiasi gani?"

Bashiri akamgeukia mwalimu. Marystella alisema kwamba upande ule mlima unaendelea kushuka ndani ya maji, na kina chake ni kirefu sana, mita mia kadhaa.

"Na huko samaki hawafiki?"

"Hawafiki," Bashiri akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Hilo umelisikia, au umelitunga?"

Bashiri alishuka kutoka kwenye kijukwaa chake, akampelekea Felista daftari, akamwonyesha mstari kwa kidole. Felista anasoma kwa shida kidogo. Alisoma mstari ule wote, midomo ikimtembea, na ukumbi mzima ukamsubiri.

"Miaka saba," akasema, si kwa Bashiri hasa, "kila samaki niliyemwona sokoni nilimtazama tumbo."

Kisha akalia. Hakulia kwa adabu ya ukumbini, alilia msiba, kama alivyopaswa kulia mwaka ule, na Prisca akamshika, na Bibi Maria akainuka kwenye kiti chake cha mbele akaanza kumwitikia, na wanawake wote tukaungana nao. Ulikuwa msiba kamili, mchana, mbele ya televisheni iliyosimama kwenye mishale ya bluu. Wanaume walitoka nje wakavua kofia. Mimi nililia kwa ajili ya Lameck, na kwa ajili ya mdomo wangu uliokaa kimya.

Jumatano Adolf alikata mgomba. Ulivishwa sanda, ukawekwa kwenye jeneza la Kyela ambalo lilikuwa tayari, ukazikwa karibu na mibuni nyuma ya nyumba. Bashiri alikuja, akakaa mwisho kabisa wa mikeka, na alipopewa chakula alikishika bila kukila. Baada ya hapo hakufungua ukumbi. Jumamosi ya kwanza watu walikaa nje wakasubiri. Ya pili walikuja wachache. Nilimwendea nikamwambia anisikilize, mwalimu yuko tayari kukaa naye kila Jumapili na daftari, na wavuvi wenyewe wanasema picha ya ziwa imekuwa nzuri zaidi. Akasema hana sauti ya kusimama nayo mbele ya wale watu.

Jumamosi ya tatu nilikuwa mlangoni na kikaango changu, zaidi kwa mazoea kuliko kwa biashara. Felista akaja kutoka upande wa Lyulilo. Nywele zilikuwa zimenyolewa, mikono ilikuwa na udongo mkavu mpaka kwenye viwiko, na alibeba chungu kipya kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Hakuniamkia. Alipita moja kwa moja dukani, akakiweka chungu juu ya meza mbele ya Bashiri, akaondoa jani.

Ndani alikuwemo mbasa, samaki wa ziwa letu, amepikwa kwa nyanya na limao, kipande cha mkia kikiwa tayari kimeliwa.

"Nimeanza mimi," Felista akasema. "Na wewe kula, halafu ufungue. Bibi Maria amesimama juani."